Masalia ya Ujenzi ni Mali ya Nani?

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, sauti ya nyundo na ya mtambo wa kuchanganyia zege imekuwa sauti ya kila siku. Mtu atokaye Nyakanazi kwenda Lusahunga, kisha akashika barabara ya mpakani Rusumo, hapiti kata nyingi pasipo kuona msingi mpya, rundo la kokoto, au kenchi zinazongoja bati. Hiyo ni habari njema, wala hatuna nia ya kuitia doa. Lakini kando ya kila jengo jipya lipo rundo jingine, ambalo hakuna kiongozi anayelizindua wala mpiga picha anayelitazama: vipande vya nondo, mbao zenye misumari, matofali yaliyovunjika, saruji iliyoganda ndani ya mfuko, na mchanga uliochanganyika na udongo. Rundo hilo nalo lilinunuliwa kwa fedha. Leo twataka kuuliza maswali mawili juu yake: nani aliyelipanga, na ni mali ya nani?

Jibu la swali la kwanza twalitoa mara moja. Taka za ujenzi hazizaliwi saitini, pale wafanya kazi wanapotoka jasho. Huzaliwa mezani, siku ile ramani inapochorwa na orodha ya vifaa inapoandikwa, bila mtu yeyote kuuliza kitabaki nini. Fundi akianza kazi, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo anayemkaripia kibarua kwa sababu ya rundo la taka, na hakuuliza neno siku ya kupitisha mpango, anamkaripia asiyehusika.

Tuanze na kazi kubwa. Rusumo, karibu na pale Mto Ruvubu unapokutana na Nyabarongo na kuwa Kagera, serikali za Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga kwa ubia kituo cha umeme wa maji chenye nguvu ya megawati 80, zinazogawanywa sawasawa baina ya nchi hizo tatu. Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2013, na upande wetu umeme huo huenda kwa njia ya nguzo hadi Nyakanazi, mwendo wa karibu kilomita 100. Hapo hapo Rusumo, daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, vilizinduliwa Aprili 2016. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, yenye kilomita 92, nayo iliingizwa katika mpango wa kujengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Na tangu mkataba wa nikeli ya Kabanga utiwe saini Januari 2021, ukiipa Serikali hisa ya asilimia 16, watu wa Ngara wametazamia ujenzi mwingine ulio mkubwa zaidi.

Kazi za namna hii hazikosi karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya kuanza. Masharti ya Benki ya Dunia yaliyoanza kutumika Oktoba 2018 yanataja hata utaratibu wa kufuatwa: taka kwanza zizuiwe zisitokee, zisizozuilika zipunguzwe, zinazobaki zitumiwe tena au zigeuzwe kuwa kitu kingine, na kutupa kuwe hatua ya mwisho. Wala si maneno matupu. Kituo cha Rusumo chenyewe hapo mwanzo kilikusudiwa kuwa na bwawa kubwa zaidi, ambalo maji yake yangefunika ardhi nyingi ya wakulima. Wachoraji wa mpango wakarudi mezani, wakachagua njia ya kutumia mto kama unavyotiririka. Mashamba yaliyookolewa kwa uamuzi huo yaliokolewa kwa kalamu, kabla jiwe halijavunjwa. Huo ndio mfano mzuri wa jambo tunalolisema.

Hata hivyo karatasi zina udhaifu wake. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hufungwa katika majalada manene, na hukaa katika ofisi asizofika mtu wa Rulenge au wa Nyakahura. Mfanya kazi anayemwaga maji ya kuoshea mtambo wa zege hajui kuwa kuna ukurasa unaomkataza kuyaelekeza mtoni. Nasi tukumbuke kuwa Kagera haishii kwetu. Humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na ziwa hilo huyapeleka Mto Nili. Yafaa basi kila mradi mkubwa ulazimike kubandika saitini, kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja unaosema taka gani zinatarajiwa, zitawekwa wapi, na nani ataulizwa zikionekana mahali pengine. Ukurasa mmoja unaosomwa na vibarua wote una faida kuliko jalada zima linalosomwa na mtu mmoja.

Lakini hofu yetu kubwa haiko kwenye kazi kubwa. Iko kwenye zile ndogo ambazo hazina karatasi kabisa, nazo ndizo nyingi: darasa la kijiji, zahanati, choo cha shule, nyumba ya mwalimu. Mwaka 2021 Serikali ilipokea mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ukafanya mpango wa shilingi trilioni 1.3, na kwa fedha hizo madarasa 15,000 yakajengwa nchini. Mwaka uliofuata yakajengwa mengine 8,000 kwa shilingi bilioni 160, yaani shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Mengi ya majengo haya yalijengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa mahali pale badala ya mkandarasi, chini ya kamati za wananchi wenyewe.

Utaratibu huo twausifu. Umewapa kazi mafundi wetu, na umeiweka ramani mikononi mwa wananchi. Sasa hebu tufanye hesabu ya mfano tu, wala hatusemi kuwa ndivyo ilivyotokea. Ikiwa katika kila shilingi 20 za ujenzi shilingi moja inapotea kwa vifaa vilivyoharibika, basi katika darasa la milioni 20 inapotea milioni moja. Katika madarasa 8,000 inapotea bilioni nane, na bilioni nane ni madarasa 400. Mtu akisikia kuwa madarasa 400 yameungua moto atapiga kelele. Yakipotea kidogo kidogo ndani ya mifuko iliyoganda na mbao zilizopasuka, hakuna anayesikia lolote.

Tuitazame nondo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nguvu ya kupanga. Chukua nondo zenye urefu wa mita 12. Tuseme kazi inahitaji vipande 10 vya mita 5 na vipande 20 vya mita 3 na nusu. Fundi asiyepewa mpango ataanza na vile virefu: kila nondo itatoa viwili na kubakiza mita 2. Atamaliza nondo tano. Kisha ataingia vile vifupi: kila nondo itatoa vitatu na kubakiza mita moja na nusu, na vipande 20 vitamla nondo saba. Jumla nondo 12, na chini pamelala mita 24 za vipandevipande. Lakini aliyekaa na penseli kwa robo saa ataona kwamba kipande kimoja cha mita 5 na viwili vya mita 3 na nusu ni mita 12 kamili. Nondo kumi zatosha, wala hakibaki kitu. Nondo mbili zimeokolewa bila kuagiza mashine yoyote kutoka ng'ambo, na bila kumpunguzia fundi ujira wake hata senti moja.

Saruji nayo ina sheria yake, wala haisikilizi udhuru. Mfuko wa kilo 50 uliolazwa juu ya sakafu ya udongo hunyonya unyevu kutoka chini, na uliosimamishwa ukigusa ukuta hunyonya kutoka pembeni. Katika nchi ya vilima kama Ngara, ambako mvua huja kwa misimu miwili kwa mwaka, stoo isiyo na mbao chini ya mifuko ni kaburi la saruji. Zege lililokwisha kuchanganywa halingoji mazungumzo. Likikaa huanza kuganda, na anayeliongezea maji ili lilainike analiua nguvu zake. Kwa hiyo kuchanganya kingi jioni ili kumaliza mifuko, au kuchanganya kabla mafundi wa nondo hawajamaliza kufunga, ni kupanga hasara. Tena lililo baya ni kuagiza mifuko yote kwa siku moja kwa sababu gari limepatikana, hali kazi ya kuipaka itafika baada ya mwezi.

Mbao na mirunda vinatugusa kwa namna nyingine. Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa maana ya mlima uliokatwa miti. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakapiga kambi Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliani ya kujenga barabara. Hakuna awezaye kuwalaumu waliokata fito za kujengea vibanda na kuni za kupikia. Walikuwa wakiokoa maisha yao. Lakini vilima vile vilitoa somo: miti inayokatwa kwa wiki chache hurudi kwa miaka mingi. Sisi tuliopo leo hatukimbii vita. Hatuna udhuru wa kukata mirunda mipya kwa kila lenta, tukaichoma ikimaliza kazi, kisha tukakata mingine kwa jengo la pili lililo hatua 50 kutoka hapo.

Mbao za kufungia zege, zikipakwa oili, zikafunguliwa kwa uangalifu na kung'olewa misumari siku ile ile, hufanya kazi mara kadhaa. Lakini hilo haliwezekani ikiwa madarasa matatu yamepangwa kufungwa boksi siku moja. Likiwezekana, yapangwe yafuatane, ili mbao za la kwanza zihamie la pili na la tatu. Huo ni uamuzi wa ratiba, na ratiba huandikwa na kamati. Tena msumari uliong'olewa hauchomi mguu. Wafanya kazi wetu wengi huingia kazini na ndala, na ubao wenye msumari uliotupwa kwenye nyasi ni mtego. Usafi wa mahali pa kazi si jambo la urembo. Ni afya ya mtu mwenye watoto wanaomngoja nyumbani.

Kuhusu matofali, hatuna budi kusema wazi. Tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na linalovunjika limekula kuni bure. Matofali mengi hayavunjiki ukutani. Huvunjika yanaposhushwa garini kwa kurushwa, na yanapopangwa juu ya ardhi isiyosawazishwa. Kibarua anayelipwa kwa gari atashusha upesi. Akilipwa kwa tofali zima atashusha kwa upole. Basi namna ya kulipa nayo ni sehemu ya mpango. Zaidi ya hayo, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, ulifundisha wananchi kutengeneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji tanuru. Mahali udongo wake unafaa, yafaa halmashauri iulize gharama zake kabla haijaagiza tanuru jingine.

Hata tukipanga vizuri namna gani, kitabaki kitu. Hapo ndipo inapokuja kazi ya kutumia tena. Matofali yaliyovunjika na zege la zamani hufaa kujazia chini ya sakafu, kutengeneza njia ya miguu kati ya madarasa, na kujazia shimo la kunywea maji machafu. Mabaki ya mita 2 ya nondo hutosha kufungia vizingiti vifupi, ikiwa mhandisi amekubali unene wake. Lami ya zamani inayokwanguliwa barabarani yaweza kusagwa na kuchanganywa tena ili kuwa tabaka la chini la barabara mpya, badala ya kuchimba moramu nyingine mlimani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Eindhoven, Uholanzi, walitangaza matokeo ya kusaga kifusi cha majengo ya Dar es Salaam na kukifanyia matofali ya zege. Waliona kuwa kokoto za kifusi ni dhaifu kidogo kuliko za mlimani. Lakini asilimia 85 ya matofali waliyoyapima yalifikia nguvu ya niutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, ambayo ndiyo iliyohitajika nchini kwa kubeba mzigo. Kwa hiyo jambo hili si ndoto ya Ulaya. Limepimwa kwetu, kwa kifusi chetu.

Wala wenye mali nyingi hawakudharau kazi hii. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, watu wa Berlin, wengi wao wanawake, walisimama katika mistari wakigonga matofali moja moja ili kuyatoa chokaa, yakajenga tena. Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya zilijiwekea lengo la kuokoa asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji ifikapo mwaka 2020. Kama tajiri anaokota tofali, fukara asione haya.

Hapa twatoa onyo, maana kila jambo jema lina watu wa kulipindua. Kuokoa vifaa si kupunguza kile mhandisi alichoagiza. Anayetoa nondo moja kati ya nne, au anayepunguza saruji katika zege la nguzo, huyo hakuokoa. Ameiba usalama wa wengine. Taifa halijasahau ghorofa lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 likiwafukia watu. Kokoto za kifusi zisiingie katika nguzo wala boriti za shule bila kupimwa. Na mapaa ya zamani ya asbesto yasivunjwe kwa nyundo wala kuezekea banda la kuku. Vumbi lake huingia mapafuni na baada ya miaka mingi huleta saratani. Hayo ni masalia ambayo haki yake ni kuzikwa kwa maelekezo ya wataalamu.

Sasa tuje kwenye swali la pili, lile lililo gumu: masalia ni mali ya nani? Katika saiti nyingi jibu halikuandikwa popote, na kwa sababu halikuandikwa, kila mtu ana jibu lake. Msimamizi ahesabu vipande vya nondo kuwa ni chake, avipime kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mkandarasi asema vyote ni vyake kwa kuwa alivinunua. Wanakijiji waliochangia mchanga na mawe kwa nguvu zao wasema ni vyao. Naye kibarua, jioni, achukua mbao mbili za kupikia na misumari ya kutengenezea mlango wake. Ni nani katika hao anayeitwa mwizi? Kwa kawaida ni huyu wa mwisho. Hilo sisi hatulikubali. Mahali pasipo na kanuni, mwenye nguvu huita tabia yake desturi, na mnyonge huitwa mhalifu kwa tabia ile ile.

Jambo hili lina mfano wa kufuatwa. Kanuni za Benki ya Dunia za kuhamisha watu, zilizotumika katika miradi kama wa Rusumo, zilisema kwamba nyumba ya mtu ikibomolewa kupisha mradi, alipwe gharama kamili ya kujenga nyingine, wala thamani ya bati na mbao atakazookoa isikatwe katika malipo yake. Kwa maneno mengine, masalia ni ya mwenye nyumba. Ikiwa haki hiyo imeandikwa kwa nyumba ya mtu mmoja, kwa nini isiandikwe kwa nyumba ya wote? Darasa la kijiji lina mwenyewe, nacho ni kijiji. Kilichonunuliwa kwa fedha ya umma na hakikutumika ni mali ya umma mpaka wenyewe, katika mkutano, waseme vingine.

Twaongeza neno moja kwa ajili ya wafanya kazi. Kijiji kikiwa mwenye mali, kisiwe mchoyo. Iandikwe tangu mwanzo kuwa mbao zisizofaa tena kwa kazi ni za vibarua, zigawiwe hadharani siku ya Jumamosi kwa orodha. Fungu halali hulinda mali kuliko mlinzi mwenye rungu. Mtu ajuaye kuwa ubao mbovu utakuwa wake kesho hana sababu ya kupasua mzima leo ili upate kuwa mbovu.

Wapo watakaosema kuwa tunawatwika wananchi karatasi nyingine. Kwao twajibu kwa habari ya Uingereza. Mwaka 2008 ilipitishwa kanuni huko kwamba kila kazi ya ujenzi inayozidi paundi 300,000 iwe na mpango wa taka ulioandikwa kabla ya kuanza. Desemba 2013 kanuni hiyo ikafutwa, katika juhudi za kuwapunguzia wenye kazi masharti. Twajifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba hata nchi yenye wahandisi wengi iliona mpango lazima utangulie kazi. La pili, kwamba mpango unaotegemea amri ya juu peke yake hufutwa kwa amri ya juu. Unaoshikwa na wenye mali wenyewe haufutiki upesi.

Nasi wenye mali tumekwisha kuwa na vyombo vyake. Katika majengo ya vijiji tuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Ya kwanza hununua, ya pili hupokea na kuhesabu, ya tatu husimamia. Tazama pengo: yuko anayeandika kilichoingia, hayuko anayeandika kilichobaki. Daftari la stoo husema mifuko mingapi ilitoka. Halisemi mingapi ilirudi, mingapi iliganda, na kwa nini. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, lakini limeandikwa upande mmoja.

Basi twapendekeza mambo matano, yasiyohitaji fedha mpya. Kwanza, kabla ya kununua, fundi na kamati wakae na ramani waandike jinsi nondo, mbao na bati zitakavyokatwa. Vipimo vya jengo visogezwe panapowezekana ili vilingane na urefu wa vifaa vinavyouzwa. Pili, vifaa viagizwe kwa awamu kufuata kazi, na stoo iwe tayari kabla ya gari kufika. Tatu, daftari la stoo liwe na safu ya masalia, lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji kila mwezi pamoja na hesabu ya fedha. Nne, iandikwe siku ya kwanza masalia ni ya nani, yatawekwa wapi na yatatumika katika kazi gani: sakafu ya choo, kichanja cha vyombo vya shule, jengo la jirani. Tano, jengo lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka uwanja umesafishwa, na mashimo ya moramu na mchanga yamefukiwa au yamezungushiwa uzio. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya masika, na mtoto anayechunga mbuzi hajui kina chake. Kwa mkandarasi, malipo ya mwisho yashikwe mpaka hilo litimie.

Kwa halmashauri zetu mbili tunalo neno la kisheria. Sheria ile ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia na kupunguza taka ngumu, wala haikusema taka za sokoni peke yake. Mhandisi wa wilaya anayekwenda kukagua lenta na akague rundo. Diwani anayeuliza jengo limefikia wapi na aulize pia kilichobaki kimefikia wapi. Na Biharamulo na Ngara ni majirani: mbao za boksi zilizomaliza kazi Nyakahura zaweza kupanda gari la mawe liendalo Rulenge, ikiwa tu maofisa wawili wanapigiana simu.

Twaweza pia kujifunza kwa kutazama. Mjini Biharamulo limesimama boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hatulisifu kwa ajili ya walioliweka, kwa maana kuta zake zilijengwa ili kututawala. Lakini lilipobaki mikononi mwetu hatukulibomoa; lilikarabatiwa likapewa kazi nyingine. Jengo lililotunzwa ni kifusi ambacho hakikupatikana. Kwa hiyo kabla kamati yoyote haijapiga kura ya kubomoa darasa kuukuu ili kujenga jipya, imwite mhandisi aseme kama ukuta unafaa na paa peke yake ndilo bovu. Pengine fedha ya darasa moja itafanya mawili.

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi mnaoshika mwiko na koleo, jambo hili halingoji waraka. Mkutano wa kijiji ujao utakapofika, na mwenyekiti atakaposoma kwamba mifuko kadha imepokelewa na nondo kadha zimenunuliwa, asimame mmoja wenu kwa adabu aulize: je, zimebaki ngapi, ziko wapi, na ni nani anayeziandika? Asipojibiwa siku hiyo, aulize tena mwezi unaofuata, na mwenzake amuunge mkono. Swali hilo likizoeleka katika kila kijiji cha Ngara na Biharamulo, rundo la kando ya jengo litaanza kupungua, na watoto wetu watapata darasa lenye sakafu.